Mgonjwa Haambiwi

Usiku baba aliponiomba nimpe chupa nzima, umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, na mtaa wetu hapa Ujiji, Kigoma, ulikuwa kimya, ukiacha jenereta la jirani anayegandisha barafu ya samaki. Hakulia wala hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayeomba maji ya kunywa: "Mwanangu, hiyo iliyobaki nipe yote." Nilikuwa nimeibana simu kwapani ili tochi imulike, mkono mmoja chupa, mkono wa pili lile bomba la sindano lisilo na sindano tunalopimia dawa. Nikajifanya sikusikia. Nikampimia kipimo chake cha kulalia, akanywa, akakunja uso kwa uchungu wa mofini, ile dawa kali ya maumivu, akageukia ukutani.

Ninauandika usiku ule leo kwa sababu mwezi huu nimekuta watu mara mbili mtandaoni wakibishana juu ya "kifo cha huruma", yaani kama daktari aruhusiwe kumsaidia kufa mgonjwa ambaye hana tena kupona. Majibu yalikuwa mepesi pande zote. Huyu anasema ni ushetani wa Wazungu, yule anasema Afrika tumechelewa. Mimi nimewahi kukaa na chupa mkononi, na sikuona wepesi wowote.

Baba alikuwa fundi wa maboti pale Kibirizi. Yale maboti ya mbao yanayobeba abiria na magunia ya dagaa kwenda vijiji vya pembezoni mwa ziwa, mengi yamepita mikononi mwake. Kazi yake ilikuwa ya kuinama, kwa hiyo mgongo ulipoanza kumuuma aliilaumu kazi. Mkojo nao ulikuwa unamsumbua, anaamka mara tano mara sita kwa usiku, lakini hilo mwanamume wa rika lake hamwambii binti yake. Alimwambia rafiki, rafiki akamletea mizizi. Hadi tunafika Mwanza, baada ya siku nzima garini kupitia Kasulu, Kibondo na Nyakanazi, saratani ya tezi dume ilikuwa imeshatoka kwenye tezi na kuingia mifupani.

Daktari alituita mimi na kaka pembeni akatueleza. Baba alikuwa ameketi kwenye benchi hatua kumi hivi kutoka pale, kofia mapajani, akitutazama. Tulipompigia shangazi, dada yake baba, yeye ndiye aliyetoa hukumu: "Mgonjwa haambiwi. Ukimwambia umemuua kabla ya siku zake." Hakuna aliyebisha, na mimi sikubisha. Baba akaambiwa ana uvimbe kwenye kibofu. Akafanyiwa upasuaji wa kukata homoni zinazoulisha huo "uvimbe", akapata nafuu ya mwaka na miezi kadhaa, hata akarudi kushika randa.

Tuna methali kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Kila nilipoisikia ilikuwa inamkanya mgonjwa. Sijawahi kusikia ikielekezwa kwa ndugu.

Maumivu yaliporudi yalikuja na mengine. Nyonga, mbavu, uti wa mgongo. Kugeuzwa kitandani tu kulimtoa sauti ambayo sikujua kama baba anayo. Hospitali moja, sitaitaja kwa kuwa sikuja hapa kuishitaki, ilimpa panadoli na diklofenaki, na nilipouliza habari za mofini mhudumu alinishangaa: "Hiyo haipo, na hata ingekuwepo ni ya watu wanaokufa." Nikataka kumuuliza alidhani baba anafanya nini. Sikuuliza. Tukakaa wiki tatu namna ile. Majirani walikuja kumjulia hali, wakasema subira, wakasema Nabii Ayubu, wakaondoka kabla ya saa ya kumgeuza.

Ni katika wiki hizo familia ilifanya kikao chini ya mwembe uani. Kaka alikuwa hewani kutoka Dar es Salaam, simu imewekwa juu ya ndoo ili wote wasikie. Daktari wa Mwanza alikuwa amesema mionzi, hata ya mara moja tu, huweza kutuliza maumivu ya mifupa. Ila kumpeleka mtu wa hali ile Mwanza ni gari la kukodi, ni malazi, ni watu wawili wa kumsindikiza. Pesa ingetoka kwenye kiwanja chake cha Gungu. Tulizunguka saa mbili. Mwishowe baba mdogo akasema, "Tumwachie Mungu," na vichwa vyote vikainama kama vya watu waliosikia dua. Kaka naye kwenye simu akasema, amina.

Ninajua "tumwachie Mungu" ilikuwa na maana gani pale, na wewe msomaji uliyewahi kukaa kikao kama hicho unajua. Ilikuwa na maana kwamba tumeamua. Mwenye figo zilizokufa ambaye nduguze wameishiwa pesa za kusafishiwa damu, kikao chake huishia na maneno hayohayo. Ndivyo ilivyo kwa mtoto wa saratani aliyerudishwa kijijini kabla ya kumaliza mizunguko ya dawa, na kwa bibi ambaye "ameshakula chumvi nyingi". Simlaumu mtu. Kaka ana watoto watatu shuleni, mimi ni mwalimu, mshahara wa mwalimu unajulikana. Ninachosema ni kwamba watu wa Kigoma huamua kila wiki juu ya kifo cha mgonjwa, bila sheria, bila daktari wa pili wa kuthibitisha, bila karatasi. Na mgonjwa yuko ndani, hajaitwa.

Mofini tuliipata kwa bahati ya kukutana na muuguzi mmoja aliyesomea tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa wa maradhi mazito. Alikuja nyumbani kwa bodaboda akiwa na daftari la jalada gumu. Alimuuliza baba maumivu yako wapi, akamwonyesha vidole vitano vya mkono wake, akamwambia ahesabu: hakuna kabisa, au mkono mzima? Baba aliinua mikono yote miwili. Siku chache baadaye, baada ya barua, simu na mihuri ambayo sitakuchosha nayo, tulikuwa na chupa ya mofini ya maji. Kila baada ya saa nne, na cha kulalia kinakuwa mara mbili ili asiamke usiku wa manane. Pamoja nayo dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini hufunga tumbo, na muuguzi alilisisitiza hilo kuliko jambo lolote. Siku ya tatu baba aliomba mgebuka wa kuchoma. Siku ya tano alikaa barazani na kikombe cha kahawa.

Kile alichosema mhudumu wa awali, kwamba ni dawa ya wanaokufa, muuguzi alikisikia mara nyingi. Alinieleza taratibu: ikianza kwa kiasi kidogo na kupandishwa hatua kwa hatua kulingana na maumivu, mofini haifupishi uhai. Mtu aliyelala usingizi wa siku mbili baada ya kuipata huenda ni mtu ambaye hakulala wiki tatu. Jirani zetu wa Uganda waliona mapema kwamba madaktari hawatoshi kuifikisha vijijini. Hospisi ya Kampala, yaani kituo cha kuwahudumia wagonjwa wasiotarajiwa kupona, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993 iliwafundisha wauguzi, na mwaka 2004 sheria yao ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo hayo kuiandika wenyewe. Nilipolisoma hilo niliona wivu. Sikuwahi kudhani ningeionea Uganda wivu kwa sababu ya chupa ya plastiki.

Halafu hilo jina, tiba shufaa. Sijui nani aliyelichagua kwa Kiswahili, lakini mtu aliyelelewa Ujiji hawezi kulipita hivihivi. Shufaa ni ile ya siku ya kiama, pale Mtume atakapouombea umma wake. Ni kusimama kati ya mtu na lile linalomjia, si kulizuia, ni kumsemea. Baba alipolisikia alicheka kidogo: "Basi nimeombewa kabla ya siku yenyewe."

Sasa utaniuliza, ikiwa maumivu yalitulia, kwa nini aliomba chupa nzima? Hilo ndilo lililonipeleka kusoma. Bando la usiku ni nafuu, na usingizi nilikuwa siupati kwa hiyo muda nilikuwa nao.

Nilianza na Marekani. Wananchi wa jimbo la Oregon walipiga kura mwaka 1994 kuruhusu jambo hili, na sheria ikaanza kufanya kazi mwaka 1997. Mgonjwa awe mtu mzima mwenye akili timamu, madaktari wawili wakubaliane kwamba hana zaidi ya miezi sita, aombe kwa mdomo mara mbili na kwa maandishi mara moja. Daktari anaandika dawa tu. Kuinywa ni kwa mkono wa mgonjwa mwenyewe. Uholanzi, ambayo sheria yake ilianza Aprili 2002, imekwenda mbele zaidi na kumruhusu daktari achome sindano mwenyewe, na haidai kwamba mtu awe karibu kufa, inadai mateso yasiyovumilika na yasiyo na matumaini ya nafuu. Uswisi kisa chake ni cha ajabu: sheria ya jinai iliyoanza kutumika mwaka 1942 inamwadhibu anayemsaidia mtu kujiua kwa tamaa yake binafsi, na kutoka kwenye neno hilo "tamaa" wakapata mlango kwamba asiye na tamaa haadhibiwi. Ndiyo maana wageni husafiri hadi Zurich kufa. Nilikaa nikiwaza nauli.

Kilichonigusa zaidi kilikuwa cha karibu. Aprili 2015 wakili mmoja wa Afrika Kusini, Robert Stransham-Ford, aliyekuwa na saratani ya tezi dume kama baba, aliiomba Mahakama Kuu ya Pretoria imruhusu daktari amsaidie kufa bila kushitakiwa. Jaji alimkubalia. Lakini Stransham-Ford alikuwa amekwisha kufa kwa ugonjwa wake saa chache kabla ya hukumu kusomwa, na mahakama haikuwa na habari. Desemba 2016 Mahakama ya Rufaa iliifuta hukumu ile, mojawapo ya sababu ikiwa hiyohiyo, kwamba mwenye kesi alishakufa na haki aliyoidai ilikwenda naye. Niliisoma mara mbili. Mwanasheria, mwenye pesa za mawakili, mwenye ugonjwa uleule, na bado mauti yalimtangulia jaji.

Ila lililonitoa usingizi kabisa ni taarifa za kila mwaka za Oregon. Madaktari wanaoiandika dawa ile hutoa taarifa ya sababu za wagonjwa wao, na maumivu hayako juu ya orodha. Mwaka baada ya mwaka kinachotajwa sana ni kupoteza uwezo wa kujiamulia, kushindwa kufanya yale yaliyoyafanya maisha yawe na ladha, na kuvunjikiwa heshima. Nikalitazama lile pazia lililotenganisha kitanda cha baba na changu.

Asubuhi yake, baada ya swala ya alfajiri ambayo aliisali kwa kope tu, nilimuuliza. "Baba, usiku ule uliomba nini?"

"Kumbe ulisikia."

"Nilisikia."

Akanyamaza kidogo. "Maumivu siyo. Haya ninayaweza." Akatazama beseni lililokuwa mlangoni. "Ninaogeshwa na binti yangu. Wewe unajua maana yake?"

Sikuwa na la kusema. Mama alishatangulia mbele ya haki, kaka yuko mbali, na mimi nilijiona shujaa kwa kumwogesha baba bila kulalamika. Haikunijia hata siku moja kwamba kila asubuhi nilikuwa namvua kitu ambacho mofini haikirudishi.

Akaendelea, bado akilitazama beseni. "Na lile dirisha halina kioo, mwanangu. Mimi nimelala hapa, mwembe uko pale. Mlinihukumu nje, hata kuitwa kama shahidi sikuitwa."

Halafu akauliza, "Ni saratani, siyo?"

Nikasema ndiyo.

"Nilijua tangu Mwanza. Wameandika mlangoni kwa herufi hivi." Akaonyesha ukubwa wa herufi kwa vidole. "Mnadhani fundi hajui kusoma? Nilinyamaza kwa ajili yenu. Niliona mnavyohangaika kunificha, nikasema wacha nisiwaharibie."

Daktari Mwingereza Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alikuwa na jina la jambo hili. Alianza kazi akiwa muuguzi, akawa ofisa wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari, na alisema mgonjwa wa namna hii ana maumivu ya jumla: ya mwili, ya moyo, ya jamaa zake na ya roho, na ukitibu moja ukaacha mengine hujamtibu. Yeye alipinga kifo cha kusaidiwa hadi mwisho wake. Wafuasi wake wengi husema ombi la kufa huisha pale mgonjwa anapohudumiwa sawasawa. Ninawaheshimu, lakini kwa nilivyoona si lote. Huwa linapungua sana, halafu linabaki kipande.

Siku ileile nilimpigia mtoto wa shangazi, kijana anayeendesha bodaboda Mwanga, nikamwomba awe anakuja asubuhi kumwogesha mjomba wake. Alikuja, hakukosa siku hata moja, na sikuwahi tena kuliona beseni lile likitoka chumbani. Na Ijumaa iliyofuata tukakaa kikao cha pili. Safari hii baba alitolewa nje, akalazwa kwenye mkeka chini ya mwembe wenyewe, mto mgongoni. Shangazi alikuwa amekasirika na mimi kwa kumwambia. Alikaa amenipa kisogo.

Baba aliongea muda mfupi. Kiwanja kisiuzwe. Mwanza haendi, njia ile hataiweza na mionzi hiyo wapewe wenye nguvu ya kuifuata. Vyombo vyake vya kazi, tezo, randa na patasi, apewe kijana aliyekuwa akimfundisha, si mtu wa ukoo. Na siku moja hali ikiruhusu abebwe hadi Kibirizi aone maji. Baba mdogo alipotaka kusema usikate tamaa, baba alimkatiza: "Boti likioza mkuku halikalafatiwi. Wewe uliona nikikalafati boti bovu?" Kaka kwenye simu alianza kulia, tukasikia wote, na hakuna aliyejua aizime simu au aiache.

Angalia sasa. Uamuzi ulikuwa uleule wa kikao cha kwanza. Mwanza hapana, kiwanja kibaki. Ukitazama kwa hesabu hakuna kilichobadilika, na mtu wa nje angesema tulipoteza wiki mbili. Lakini mara ya kwanza tulimwacha, na mara ya pili alichagua. Mimi niliiona tofauti hiyo kwenye uso wake alipokuwa anarudishwa ndani.

Kuna mambo machache lazima niyaseme waziwazi, kwa sababu najua maswali yatakuja.

Kwanza sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inasema anayemsaidia mwingine kujiua anaweza kufungwa maisha, na hata kujaribu kujiua ni kosa. Hakuna nafasi ya "alikuwa anaumwa". Ningempa baba chupa ile ningekuwa mhalifu, basi. Kukataa kusafirishwa kwenda kwenye matibabu ni jambo jingine kabisa, na nashangaa watu wengi wanayachanganya haya mawili, wakiwemo wenye elimu.

Pili dini. Jirani yetu, mzee anayefundisha madrasa, alipohisi kinachoendelea alimkumbusha baba mafundisho ya Mtume kwamba mtu asitamani mauti kwa dhiki iliyompata, na akishindwa kabisa basi aombe apewe uhai maadamu uhai ni kheri kwake, na afishwe ikiwa kifo ndiyo kheri. Baba akamjibu, "Sheikh, hiyo naisoma kila usiku. Naona Mola anafikiria." Wote wawili wakacheka hadi baba akashika mbavu. Mwalimu mwenzangu, Mkatoliki wa Kasulu, yeye aliniambia Papa Pius wa 12 alishawaeleza madaktari mwaka 1957 kwamba dawa ya kutuliza maumivu inaruhusiwa hata kama ingeweza kufupisha maisha, ilimradi kinachokusudiwa ni kutuliza. Nililipenda hilo kwa sababu linamwondoa mtu kwenye ule ukatili wa kuhubiri subira huku chupa imefungwa kabatini. Anayesema uhai ni wa Mungu na haendi kudai mofini hospitalini kwake, mimi simwelewi.

Tatu, msimamo wangu. Sitaki sheria ya Oregon iletwe Kigoma, na sababu yangu kubwa ni kile kikao cha kwanza. Chukua watu walewale, mwembe uleule, kiwanja kilekile cha Gungu, halafu uwape dawa halali ya kumpumzisha mzee. Mgonjwa mwenyewe angeomba. Angeomba kwa adabu na kwa akili timamu, madaktari wawili wangesaini, na sababu ingekuwa kwamba amesikia kupitia dirisha lisilo na kioo jinsi anavyotugharimu. Watu wenye ulemavu wa Canada walilisema hili kwa sauti pale nchi yao, iliyoruhusu jambo hili mwaka 2016, ilipolipanua mwaka 2021 hadi kwa wasio karibu na kifo: kwamba serikali inakuwa nyepesi kumpa mtu kifo kuliko kumpa huduma ya kuishi. Kama wao wanaogopa, wenye bima na ruzuku, mimi nitajiaminije?

Kaka haafiki. Siku hizi anasema mzee aliteseka bure, wenzetu wana utaratibu, Waingereza wenyewe Juni 2025 Bunge lao la chini lilipitisha muswada wa namna hiyo kwa kura 314 dhidi ya 291. Namsikiliza. Ni yeye aliyesema amina kwenye simu, na sasa ndiye anayetaka sindano, na nimewahi kumwambia kwa hasira kwamba mara zote mbili njia aliyoichagua ndiyo fupi. Haikuwa haki kusema hivyo. Yeye hakusikia zile wiki tatu; alizisikia kwa kuhadithiwa, na pengine za kuhadithiwa hazina mwisho.

Na pia siwezi kudai kwamba baba alipona hamu ile. Siku kama kumi kabla ya kufa, mchana, akiwa ametulia, aliniuliza, "Ile chupa bado ipo?" Nikamwambia ipo. Akasema, "Haya." Akafumba macho. Nilikuja kusoma kwamba kule Oregon karibu theluthi moja ya wanaoandikiwa dawa ile hawaitumii kamwe; wanakufa kwa ugonjwa wao nayo ikiwa kabatini. Sijui kama baba alikuwa mmoja wao kwa namna yake, au kama alikuwa ananijaribu, au kama aliuliza tu kwa kuwa saa ya dawa ilikaribia. Nimekaa na maneno hayo kila upande na hayajanipa jibu.

Kibirizi tulimpeleka. Mtoto wa shangazi alipata bajaji, tukatandika godoro, tukampa kipimo nusu saa kabla ya safari kama muuguzi alivyotufundisha. Maboti yalikuwa yanapakia. Kijana wake alikuwa anafukia pamba kwenye nyufa za boti moja lililopinduliwa, akaacha, akaja kumwamkia. Baba hakuitikia salamu kwanza, alilitazama lile boti, akasema, "Ubao wa tatu umeulegeza." Kijana akarudi kuutazama. Ulikuwa umelegea.

Alifariki alfajiri ya Jumanne, shangazi akimtamkia shahada sikioni. Wiki moja baadaye muuguzi alirudi kwa bodaboda na lile daftari lake la jalada gumu, kwa sababu mofini iliyobaki haikai majumbani. Nikamletea chupa kutoka chini ya kitanda. Akakaa barazani, akaivuta dawa kwa bomba kidogo kidogo, akahesabu, akaandika, akafungua ukurasa wa nyuma na kulinganisha na vipimo vyote tulivyompa tangu siku ya kwanza. Alirudia hesabu mara ya pili. Halafu akanitazama, muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akanigeuzia daftari na kunipa kalamu nisaini.